Jina Langu Liandike Vizuri

“Kaka, hili siyo jina langu.”

Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtonya mwenzake kwamba zipu imefunguka. Ilikuwa Septemba 2023, saa nne asubuhi, kwenye mahafali ya kidato cha nne huko Nainokanoka, na ukungu ulikuwa bado haujaamua kama unaondoka au unabaki. Mkononi alishika kikombe cheupe nilichokichapa mwenyewe Karatu siku mbili kabla. Upande mmoja nembo ya shule, upande wa pili jina lake na mwaka.

Nikafungua simu, nikamwonyesha orodha niliyotumiwa na mwalimu. Jina lilikuwa vilevile kama kwenye kikombe, herufi kwa herufi.

“Umeona? Sijakosea mimi.”

“Najua,” akasema. “Na wao walikosea.”

Nirudi nyuma kidogo ili ueleweke mkasa wenyewe.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nina shahada ya kazi hiyo na niliifanya kwa miaka saba kabla chombo nilichokuwa nakitumikia hakijaanza kuchelewesha mishahara. Kwanza wiki, halafu mwezi, halafu tukaacha kuhesabu. Mwaka 2021 nikarudi Karatu na mke na mtoto, nikawa naandika habari za kulipwa kwa kipande. We acha tu. Habari moja ya tembo kuvamia shamba ilikuwa inanilipa hela isiyofika nauli ya bodaboda ya kwenda kulitafuta hilo shamba.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu wa Arusha, mpiga picha za harusi. Aliniambia, “Mzee, watu hawanunui picha siku hizi, kila mtu ana simu. Wananunua kitu chenye picha.” Nikaifikiria hiyo kauli usiku kucha. Asubuhi nikauza kamera yangu. Nilimwambia mke wangu kwamba nitanunua nyingine hali ikitengemaa, na yeye, kwa heshima, hakucheka.

Hela ya kamera na akiba kidogo vilinunua, Kariakoo, printa ya Epson yenye matangi ya wino wa sablimesheni, mashine ndogo ya kuchapia vikombe, na mashine bapa ya joto ya kuchapia tisheti. Mzigo ukaja kwa basi. Niliufungua sebuleni, nikasoma karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Kichina na Kiingereza kilichovunjika mguu, kisha nikaanza kuharibu vikombe.

Kwa asiyeijua kazi hii: wino wa sablimesheni haukai juu ya kikombe kama rangi ya mlango. Unachapa picha kwenye karatasi, unaizungushia kikombe, unaibana kwa utepe usioyeyuka, unaingiza kwenye mashine yenye joto la digrii 180 hivi, unasubiri kama dakika tatu. Kwa joto hilo wino hauyeyuki, unageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo unaingia ndani ya ngozi maalumu ya plastiki iliyopakwa kwenye kikombe. Ndiyo maana kikombe cha dukani cha kawaida hakifai, hakina hiyo ngozi. Ndiyo maana pia tisheti ya pamba tupu haishiki, inataka polista, tena nyeupe au ya rangi iliyofifia. Pamba ina njia zake nyingine. Mimi kwa tisheti za pamba naagiza Arusha michoro iliyokwisha kuchapwa kwenye karatasi ya plastiki, ile wanayoiita DTF, nami kazi yangu ni kuigandamiza kwa joto na kuibandua.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba maandishi lazima yachapwe kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo, ili yakihamia kwenye kikombe yakae sawa. La pili ni kwamba picha iliyopita WhatsApp mara nne haifai kitu, mwambie mteja aitume kama faili. La tatu ni malipo ya awali. Mtu anayekuita “kaka yangu wa damu” siku ya kuagiza anaweza asipokee simu siku ya kuchukua.

Na la nne, ambalo ndilo lililonifanya niende kwenye shughuli badala ya kukaa dukani: watu hununua moyo ukiwa wa moto. Bibi harusi akiwa bado na maua kichwani, mama mkwe atanunua kikombe chenye picha yao sasa hivi. Subiri Jumatatu, atakwambia mbona bei. Basi nikawa mtu wa send-off, kitchen party, ubarikio, mahafali, na misiba pia, ambako familia inataka tisheti ishirini zenye sura ya marehemu na tarehe mbili. Kwenye misiba nilijifunza kutopunguza wala kupandisha bei. Nataja bei moja, nanyamaza.

Sitasema sikuona aibu. Kwenye send-off moja nilikutana na mtu tuliyesoma naye chuo, sasa ana cheo kwenye taasisi fulani. Akaitazama meza yangu, akasema, “Kumbe siku hizi unauza vikombe?” Nikajibu ndiyo, elfu kumi kimoja. Akanunua viwili. Usiku ule nilijifariji kwa historia, kama sisi tuliosoma tunavyofanya. Nikakumbuka kwamba huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara ya nguo tangu 1887, na kanga zake zenye chapa ya “Mali ya Abdulla” zimevaliwa pwani nzima. Bibi zetu walikuwa wanasema na majirani kwa jina la kanga kabla hajazaliwa aliyebuni tisheti yenye maneno. Maneno juu ya kitambaa, kwa shughuli maalumu, kwa mtu maalumu: hii ni biashara yetu ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaweza kuchapa moja tu, badala ya mamia ya doti.

Nikalichunguza na neno lenyewe. Chapa. Limetoka India, limeingia kwetu na wafanyabiashara, na tumelitumia kwa kila kitu: kitabu kinapigwa chapa, bidhaa ina chapa yake, na ng'ombe anapigwa chapa ya moto. Wafugaji wa huku wanalijua kwa hiyo maana ya mwisho. Mwaka 2017, Serikali ilipoendesha zoezi la kupiga chapa ng'ombe nchi nzima, niliripoti habari zake. Mzee mmoja wa Kimaasai alinieleza kwa subira kwamba ng'ombe wake walikuwa na alama tangu enzi za babu yake, zilizokatwa masikioni, na kwamba yeye hahitaji herufi ili kuwajua. Ilikuwa nukuu nzuri sana. Ikatoka na jina lake limekosewa. Nilikuwa nimeliandika nilivyolisikia, kwa haraka, nimeegemea gari. Nilipogundua nikampigia mhariri. Akasema, “Nani atajua?”

Mzee alijua. Mjukuu wake alimsomea. Alinipigia simu, hakugomba. Aliniuliza tu kama huyo mtu mwingine wa kwenye gazeti naye ana ng'ombe. Nilicheka. Leo najua hakuwa anatania.

Sasa turudi Nainokanoka.

Oda ilikuja kupitia mwalimu mmoja aliyeona kazi yangu kwenye mahafali ya Karatu mjini. Vikombe 33, kimoja kwa kila mhitimu, 9,000 kila kimoja. Nusu ilitoka kwenye mfuko wa darasa, nusu mhitimu analipa akipokea. Katoni moja ya vikombe ina 36, kwa hiyo nikabaki na vitatu vya akiba. Nikaongeza tisheti kumi za kuchapia palepale, nikakodi gari, nikamchukua kijana anayenisaidia. Alfajiri tukawa lango la Lodoare, tukalipa viingilio, tukapanda msitu hadi ukingo wa kreta, tukakata kulia kuufuata ukingo upande wa mashariki. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kreta yenyewe, ambayo watu wanavuka bahari kuja kuitazama, hatukuiona hata kidogo. Tuliona tu migongo ya punda na shuka nyekundu zikitokea na kupotea kando ya barabara.

Nainokanoka iko juu, chini ya kreta ya Olmoti, na baridi yake haina mzaha. Shule ilikuwa na sola ya taa, haitoshi kuendesha mashine za joto. Nilijua, ndiyo maana nilibeba jenereta. Nisichokijua ni kwamba injini nayo inahema. Kule juu hewa ni nyepesi, na jenereta ndogo ya petroli hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita elfu unazopanda. Ile iliyokuwa inaendesha mashine zangu zote Karatu kwa raha, pale ilianza kukohoa mara tu nilipowasha mashine ya tisheti. Kisha MC akaja, kijana mchangamfu, akaomba “waya kidogo tu” wa spika zake. Ningekataaje? Ni shughuli yao.

Tulitoa tisheti sita. Ya saba jenereta ikazima. Tulipoiwasha tena haikuwa ileile, kila besi ikipiga, namba za kwenye mashine ya vikombe zinafifia na kuzima, joto linaanza kupanda upya. Nikajiambia si kitu, vikombe vyote tumeshavichapa nyumbani.

Ndipo yule binti akaja.

Kimaasai kina r mbili, nyepesi na nzito, na ukiziandika kama moja umebadili neno. Jina lake lina ile nzito. Aliyemwandikisha darasa la kwanza aliandika r moja, kisha akabadilisha na irabu moja ili jina litamkike vizuri kwa Kiswahili. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Alikuwa na watoto wengi mbele yake na daftari moja. Lakini jina la daftari likaenda kwenye usajili wa darasa la saba, likaenda sekondari, na mwezi Novemba lingekwenda kwenye mtihani wa taifa na baadaye kwenye cheti. Kulirekebisha kunataka viapo, hati, safari za mjini na hela. Baba yake alisema tuache, mradi umefaulu.

“Cheti sina uwezo nacho,” binti akaniambia. “Lakini hiki kikombe ni changu. Nimekilipia.”

Sikuwa na jibu la hapo. Nikampa daftari langu aandike jina linavyotakiwa. Akasita kidogo, kisha badala ya kuandika akakunja mkono wa sweta. Alikuwa amevaa bangili ya shanga, nyeupe na buluu, na jina lake limo ndani yake, herufi zimejengwa kwa shanga nyekundu.

“Kama hivi,” akasema.

Bangili ilitengenezwa na mama yake, mmoja wa akina mama waliotandaza shanga zao karibu na geti la shule. Nilikuwa nimewapita asubuhi bila kuwatazama sana. Nikaenda. “Takwenya, yeyo,” nikamsalimia kwa Kimaasai changu cha maneno kumi. “Iko,” akaitikia, akanipisha nikae. Binti akatutafsiria. Mama hasomi. Watalii huja na jina kwenye kipande cha karatasi, naye hulitazama kama mchoro, anahesabu: shanga ngapi kwenda juu, ngapi kwenda kando, wapi pana tundu. Akikosea shanga moja, herufi inakuwa nyingine, anafumua. Ameandika majina ya watu wa nchi asizojua ziko wapi. Jina la binti yake alimwambia aliandike mwenyewe kwenye karatasi, polepole, halafu akalihesabu.

Nilikaa pale nikiwa na shahada yangu. Nilikwenda nikidhani napeleka Nainokanoka teknolojia ya kuandika jina la mtu kwenye kitu, palepale kwenye shughuli. Na mama huyu alikuwa anafanya kazi hiyohiyo, bila jenereta.

Nikarudi mezani. Vikombe vitatu vya akiba. Nikapanga jina kwenye kompyuta nikiinakili bangili, nikachapa karatasi, nikafunga kikombe cha kwanza. Dakika ya pili wimbo ukabadilika, besi ikagonga, mashine ikazima. Kikatoka na maandishi ya kahawia, kama chai iliyomwagika.

Nikamfuata MC. Akasema mgeni rasmi ameshasimama, siwezi kuzima maiki ya mgeni rasmi, utaniua. Ni kweli. Tukasubiri. Mgeni rasmi akazungumzia nidhamu, mimba za utotoni, na umuhimu wa sayansi. Dereva wangu akawa ananionyesha saa kila dakika tano, maana magari yanatakiwa yawe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni, na barabara ya ukingoni si ya kukimbizana. Saa tisa na nusu hotuba ikaisha. MC akatangaza, kwa kicheko, kwamba muziki utapumzika dakika tano kwa heshima ya fundi wa vikombe. Watu wakapiga makofi. Nikafunga kikombe cha pili mikono ikitetemeka kwa baridi, mashine ikashika joto vizuri, dakika tatu zikatimia, nikabandua karatasi.

Jina lilikuwa kinyume.

Kosa la siku ya kwanza kabisa. Kwa haraka ile nilisahau kuligeuza. Binti alikitazama, akakinyanyua mbele ya kioo cha dirisha la darasa, akasoma jina lake kwenye kioo. “Liko sawa,” akasema, “ila lipo ndani.” Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ingawa ndani yangu nilikuwa nalia, kwa sababu sasa kilibaki kikombe kimoja na MC alikuwa ananitazama mimi na spika zake kwa zamu.

Cha tatu nilikichapa taratibu kama mama anayehesabu shanga. Niligeuza jina, nikamwita binti alisome kwenye karatasi kwa kinyume, nikaweka bangili yake pembeni, tukalinganisha herufi moja moja. Nikazima printa, nikazima kompyuta, jenereta ikabaki na mashine moja tu ya kulisha. MC akatuongezea dakika tatu bila kuombwa. Kikatoka cheusi, safi, kimenyooka. Bado kilikuwa cha moto, akakishika kwa shuka la mama yake. Mama akakizungusha, akapitisha kidole juu ya herufi, midomo ikitikisika kidogo. Alikuwa anahesabu. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Wakati wa kugawa vingine, vinne havikuwa na mtu. Niliita majina, nikarudia. Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu akaja akaninong'oneza, “Hao walishahamia Msomera na familia zao. Orodha niliyokutumia ni ya mwanzoni mwa mwaka. Samahani sana.” Msomera iko Handeni, Tanga; tangu 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa huko. Nimeandika habari za jambo hilo nikitumia maneno ya kazi: kaya, awamu, zoezi. Siku ile lilikuwa vikombe vinne juu ya meza, vyenye majina, na wenzao wa darasa wakivitazama bila kuvigusa. Mwishowe mvulana mmoja akaniomba kimoja, cha rafiki yake waliyekuwa wanakaa dawati moja. Alisema kaka yake anakwenda Handeni mwezi ujao, atamfikishia. Nikampa vyote vinne. Akavifunga ndani ya sweta lake la shule, akaondoka na shati peke yake kwenye baridi ile.

Tulipita lango zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Usiku nikapiga hesabu. Mapato: mfuko wa darasa 148,500, wahitimu 29 waliolipa nusu iliyobaki 130,500, tisheti sita 90,000. Jumla 369,000. Matumizi: vikombe 126,000, tisheti 60,000, wino, karatasi na michoro 50,000, gari 150,000, petroli 20,000, viingilio na chakula 40,000. Jumla 446,000. Hasara 77,000, ukiacha tisheti nne zilizobaki. Mke wangu akasoma daftari, akaniuliza, “Na kikombe cha tatu ulimlipisha?” Nikasema hapana. Akasema, “Hapo sawa.”

Ukitaka kuanza biashara hii, nitakwambia yale ninayowaambia vijana wanaokuja kuniuliza. Pima umeme wa eneo kabla hujakubali oda. Ukipanda mlima, usiiamini namba iliyoandikwa kwenye jenereta. Gari ligharamiwe na mwenye shughuli. Beba akiba ya vikombe sita, siyo vitatu. Na usichukue majina kwenye orodha ya mtu mwingine, hata kama ina muhuri. Siku hizi nina daftari jeusi, kila mteja anaandika jina lake kwa mkono wake, na asiyeweza kuandika anakuja na mtu anayemwamini, au na kitu ambacho jina lake tayari limo. Kazi hii imenichelewesha mara nyingi, na mara mbili imenikosesha oda kubwa.

Baada ya Nainokanoka nilimtafuta yule mzee wa ng'ombe. Simu yake haikupatikana. Nilimpata mjukuu, nikamwomba aniandikie jina la babu kwa ujumbe, linavyotakiwa. Akaniuliza la nini, baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui bado, nataka tu niwe nalo. Akalituma. Liko ukurasa wa kwanza wa daftari jeusi, juu ya majina ya wateja.

Kile kikombe cha kinyume kipo mezani ninapoandikia haya. Naweka kalamu. Mtoto wangu anayejifunza kusoma alikitazama wiki iliyopita, akaniuliza ni Kichina. Nikampeleka mbele ya kioo.